Anayetembea Chini ya Waya

Mwaka 1984 jarida la Scopus, ambalo ni la elimu ya ndege na huchapishwa Nairobi, lilitoa taarifa fupi katika ukurasa wake wa 42. Mwandishi alikuwa G. Nikolaus, mtaalamu wa ndege wa Sudan. Alieleza kwamba kuna njia ya umeme karibu na Port Sudan, pwani ya Bahari ya Shamu, inayoua ndege kwa wingi, na kwamba miongoni mwao wamo tumbusi wa Misri. Alikuwa amepita chini ya nguzo zile mwaka 1982, akapita tena 1983, na mara zote mbili alikuta mizoga.

Jarida la namna hiyo lina wasomaji wachache, na wengi wao ni watu wa darubini na madaftari, si watu wa mitambo. Nguzo zilibaki pale pale. Mwaka 2005 wapitaji wengine wakakuta mizoga tena. Septemba 2010 timu ya watafiti ikaenda kwa makusudi na kukuta tumbusi 17 waliokufa kwa umeme chini ya njia hiyo hiyo. Matokeo yao yalipochapishwa mwaka 2013, walikadiria kwamba tangu nguzo zile zisimikwe katika miaka ya 1950, mamia ya tumbusi, na pengine maelfu, walikuwa wameishia hapo. Njia yenyewe ina urefu wa kilomita 31 tu. Mtu mwenye miguu mizuri anaimaliza kwa siku moja.

Nimeanza na Port Sudan kwa sababu katika miaka yangu ya kazi ya wanyamapori niliitwa mara kadhaa kwenye timu zilizokuwa zikifanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya njia za umeme wa msongo mkubwa kujengwa. Na kila mara niliposoma ripoti zilizotoka katika kazi hizo, kilomita 31 za Port Sudan zilinirudia akilini. Ripoti nyingi ni nene. Zina ramani za rangi na majina ya Kilatini ya mimea, na nyuma kabisa kuna mihtasari ya mikutano ya vijiji pamoja na saini na alama za dole gumba. Lakini karibu yote tunayoyajua kwa yakini kuhusu madhara ya nyaya kwa viumbe hayakutoka katika ripoti za aina hiyo. Yalitoka kwa watu waliotembea chini ya waya baada ya waya kuwashwa.

Ni haki tuwatetee kwanza waliojenga njia ile ya Sudan. Katika miaka ya 1950 hapakuwa na nchi iliyomtaka mhandisi aandike athari za mradi wake kwa mazingira. Sheria ya kwanza kubwa ya namna hiyo ilitiwa saini Marekani tarehe 1 Januari 1970. Kwetu Tanzania, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliundwa mwaka 1983, na sheria kamili ya usimamizi wa mazingira ikaja mwaka 2004. Kenya walitutangulia kwa sheria yao ya 1999. Njia zetu za mwanzo, kama ile ya kutoka Hale kwenda Dar es Salaam na ile ya kutoka Kidatu iliyofuata katika miaka ya 1970, zilipimwa kwa macho ya mhandisi peke yake: mlima uko wapi, mto unavukwaje, na chuma kitafikaje. Hakuna aliyevunja sheria, maana sheria yenyewe haikuwapo.

Utetezi huo, hata hivyo, unaishia mwaka 1984. Tangu hapo jambo lilikuwa limeandikwa na kuchapishwa, na dawa yake ilikuwa inajulikana. Huko Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, wachunguzi waliokuwa wakifuatilia tai waliopigwa risasi na kutegewa sumu katika majimbo ya magharibi waligundua kwamba wengine hawakuwa na risasi wala sumu, bali walikuwa wameungua kwa umeme. Kampuni ya umeme ya Idaho ilimtafuta Morlan Nelson, bingwa wa kufuga ndege wawindaji, naye akawapeleka tai wake waliofunzwa kwenye nguzo za mfano zisizo na umeme. Wakawapiga picha za filamu wakitua na kuruka, ili waone mabawa yanagusa nini na nini. Ilipofika mwaka 1975 mwongozo ulikuwa umekwisha kuchapishwa wa jinsi ya kutengeneza nguzo isiyoua. Maelezo yake si ya ajabu. Ndege anayetua kwenye nguzo hafi kwa kukanyaga waya mmoja. Anakufa anapogusa waya na wakati huo huo akagusa chuma kilichounganishwa na ardhi, au anapogusa nyaya mbili kwa pamoja. Basi panua nafasi kati ya nyaya, au uvike waya ngozi ya kuhami umeme pale ndege anapotua, na kazi imekwisha.

Tumbusi wa Misri ni ndege mwenye mabawa mapana, na jangwani hakuna miti. Ukisimamisha nguzo mahali hapo umesimamisha mti, na jioni ndege wanaosafiri kutoka Uturuki na Mashariki ya Kati watautafuta mti huo walale. Sisi wa huku tunamjua ndege huyu. Ni yule mweupe mwenye uso wa manjano anayeokota jiwe kwa mdomo na kulipigiza kwenye yai la mbuni mpaka livunjike. Jane Goodall na Hugo van Lawick walimwona akifanya hivyo kaskazini mwa Tanzania, wakaandika habari zake mwaka 1966, na ulimwengu ukastaajabu kwamba ndege anatumia kifaa. Mwaka 2007 aliingizwa katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Sababu ni nyingi, sumu ikiwamo, lakini watafiti wa 2010 walikuwa na hoja nzito waliposema kwamba kilomita 31 za waya nchini Sudan zinaweza kupunguza ndege wanaozaliana mamia ya kilomita kutoka hapo. Hakuna mkutano wa kijiji unaoweza kuliona jambo hilo. Hasara inatokea katika nchi ambayo haijui hata kama nguzo hizo zipo.

Hapa sina budi kutenganisha mambo mawili, maana vijana wengi wa tathmini huyachanganya. Njia ya Port Sudan ilikuwa ya msongo mdogo, na nguzo zake zilikuwa za kawaida. Katika njia kubwa, ya kilovolti 220 au 400, nyaya ziko mbali sana na chuma cha mnara, na vikombe vinavyozishikilia ni virefu. Tumbusi akitua juu ya mnara huo hana hofu. Wako hata wanaojenga viota huko. Njia kubwa huua kwa namna nyingine, yaani kwa kugongwa. Na muuaji mkuu kwa kawaida si zile nyaya nene zinazobeba umeme, bali ni waya mwembamba ulio juu kabisa, ule wa kukinga radi. Ndege anaziona nyaya nene, anapandisha ili azipite juu, kisha anaukuta huo mwembamba usoni.

Wanaoathirika zaidi ni ndege wazito wasioweza kukata kona upesi: korongo na tandawala. Mwaka 2010 watafiti wawili, Martin na Shaw, walichapisha uchunguzi wa macho ya tandawala mkubwa, korongo wa buluu wa Afrika Kusini na korongo mweupe anayetujia kutoka Ulaya. Waligundua kwamba ndege hawa wanapoinamisha kichwa kidogo tu angani, ili watazame chini, mbele yao panakuwa giza tupu. Hawaoni wanakokwenda. Kwa miaka mingi kabla ya hapo tulikuwa tukiandika katika ripoti kwamba “nyaya zitawekwa alama ili ndege wazione”, na sentensi hiyo ilifunga mjadala. Alama zinasaidia ndege wengi, na ziwekwe. Ila kwa tandawala anayetazama majani ya chini, alama ni kama kibao cha barabarani mbele ya dereva aliyesinzia. Kwa ndege kama huyo kinga ya kweli ni kuchagua mahali pa kupitisha njia, na uamuzi huo hufanywa mapema sana, aghalabu kabla mtu wa ndege hajaitwa.

Nieleze sasa kazi yenyewe inavyokwenda. Njia sitaitaja. Tulikuwa tukitembea katika mkuza uliokwisha kuwekewa alama za rangi nyekundu, wathamini mbele, mimi na kijana mmoja wa misitu nyuma. Wathamini walikuwa wakihesabu kila kitu chenye mwenyewe: mwembe unaozaa, mwembe usiozaa, mkorosho, nyumba ya miti, nyumba ya tofali, kaburi. Kila kimoja kina thamani yake kwenye jedwali. Tulipofika penye pori wakafunga madaftari wakaongeza mwendo, kwa sababu pori halina mtu wa kumlipa. Huko ndani tukamkuta mzee mmoja akishusha mzinga wa nyuki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, wanangu. Ndio nyie wa umeme?”

Tukasema ndio sisi. Mthamini akafungua daftari tena, akamwambia asiwe na wasiwasi, mizinga yake ipo kwenye fidia.

“Mzinga nauhamisha mwenyewe, mwanangu,” alisema. “Huu mti ndio sijui nitauhamisha vipi.”

Kijana wa misitu aliuandika ule mti kwa jina lake la Kilatini. Ulikuwa mtundu, mkubwa wa kukumbatiwa na watu wawili. Katika ripoti ulikuja kuwa sehemu ya hekta kadhaa za “miombo iliyo wazi”, athari “ndogo hadi ya wastani”. Sisemi kwamba maneno hayo ni ya uongo. Ukipima pori zima, mkuza wa umeme ni uzi tu. Lakini huu ni uzi unaofyekwa kila baada ya muda ili miti isifikie nyaya, kwa hiyo haufungi tena. Pembeni yake kuna barabara ya kuhudumia njia, na kwa maoni yangu barabara hiyo ndiyo athari kubwa kuliko nyaya zote. Mwaka wa kwanza hupita gari la mafundi. Mwaka wa pili hupita baiskeli za mkaa. Baada ya hapo huja ng’ombe, na moto wa kiangazi, na shamba la kwanza la ufuta. Mwenye kutaka kuyaona haya hahitaji elimu ya juu, anahitaji kurudi tu baada ya miaka mitano.

Na kurudi ndiko kusikokuwamo. Katika mradi ule bajeti ilikuwa na fungu la kwenda, kupima, kuandika na kuwasilisha. Nilipouliza nani atapita tena umeme ukishawashwa, niliambiwa jambo hilo limo katika “mpango wa ufuatiliaji”, ukurasa fulani. Nikaufungua ukurasa. Palikuwa na jedwali zuri lenye safu ya “mhusika”, na katika safu hiyo palikuwa pameandikwa “mradi”. Mradi si mtu, hauna miguu wala posho, na siku ya kukabidhi mitambo unakufa.

Jambo moja lilifanyika vizuri katika safari ile, nami huwa nalisimulia kila ninapopata nafasi. Kilomita chache kutoka mkuza mpya palikuwa na njia ya zamani ya msongo mkubwa, nayo inapita katika nyika ya namna ile ile. Tuliomba siku tatu za kuitembea, maana njia ya zamani ndiyo shahidi bora wa njia mpya. Kabla ya kuhesabu mizoga tulitaka kujua mzoga unakaa muda gani kabla haujachukuliwa, kwa hiyo tulinunua kijijini kuku waliokufa kwa mdondo, tukawalaza chini ya waya jioni, mbali mbali, na kuweka kijiti kando ya kila mmoja. Wanakijiji walitucheka sana, na wengine nadhani walihisi tunaroga. Asubuhi tulikuta vijiti. Kuku hawakuwapo, hata unyoya. Palikuwa na nyayo za fisi, na penye kuku mmoja palikuwa na siafu tu.

Maana yake ni nzito. Mtu anayepita chini ya waya mara moja kwa mwaka, saa nne asubuhi, na kuandika kwamba hakuona ndege aliyekufa, ameandika habari za fisi, si za ndege. Siku ya tatu sisi tulipata mguu mmoja wa korongo na manyoya machache ya bawa, basi. Hayo tuliyaandika, pamoja na habari za kuku. Port Sudan mizoga ilionekana kwa macho ya kila aliyepita, nayo ilichukua miaka 30 tangu taarifa ya kwanza kuchapishwa mpaka mtu achukue hatua. Je, kule ambako fisi hufanya usafi kila usiku?

Hata sheria zetu zinaijua haja hiyo. Kanuni za Tanzania za mwaka 2005, kama zile za Kenya za 2003, katika jina lake zina mambo mawili: tathmini ya athari, na ukaguzi wa mazingira. Nusu ya jina ni ya kabla, nusu ni ya baada. Katika utekelezaji nusu ya kwanza imepata wataalamu, vyeti, ada na mikutano, na nusu ya pili imebaki na fomu. Sababu si siri. Tathmini ya kabla inashikilia fedha: bila cheti mkopo hautoki, kwa hiyo kila mtu anaikimbilia. Ukaguzi wa baada haushikilii chochote. Umeme unawaka, kiwanda kinazunguka, na hakuna atakayezima swichi kwa ajili ya mguu wa korongo.

Kuna mtu atasema ninadai makubwa katika nchi ambayo vijiji vingi vimekaa chini ya nyaya za msongo mkubwa huku vikiwasha vibatari. Hoja hiyo naijua, na nimeisikia kutoka kwa watu niliowaheshimu. Kijiji hakiwezi kuchota umeme kutoka waya wa kilovolti 220 kama mtu anavyochota maji mtoni. Kinahitaji kituo cha kupozea umeme, na kituo hicho ni ghali. Kwa hiyo mtu hupoteza mwembe wake, hulipwa, na usiku husikiliza nyaya zikivuma juu ya giza lake. Mimi naona huo ni mwingine wa mambo yanayogunduliwa na anayerudi, si na anayepita mara moja. Anayerudi hukuta kama fidia ililipwa yote, kama mzee amepata mti mwingine wa mizinga, na kama taa zimefika. Hazimchelewi hata kidogo anayetaka umeme.

Watu wetu tayari wana mfano wa kurudi kulivyo na faida, ingawa ni wa maporomoko na si wa waya. Mwaka 1996, ujenzi wa mitambo ya Kihansi katika safu ya Udzungwa ukiwa umekwisha kuanza, uchunguzi wa ziada katika korongo la mto ule uligundua chura mdogo wa manjano asiyejulikana popote duniani. Aliishi katika rasharasha za maporomoko, kwenye eneo la hekta chache tu. Maji yalipogeuziwa mitambo, ambayo ina uwezo wa megawati 180, rasharasha zilikauka. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kutunzwa, mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini, na tangu 2012 wametoka huko wengine wakarudishwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyizia maji yanafanya kazi ya maporomoko. Imegharimu fedha nyingi, na wako wanaonung’unika. Lakini tuna habari hiyo kwa sababu mtu alishuka korongoni wakati karatasi kuu zilikuwa zimekwisha pitishwa.

Sudan nao walifika. Mwaka 2014 njia ile ya Port Sudan ilizimwa, na mahali pake ikawekwa nyingine yenye nyaya zilizohamiwa. Gharama ya kilomita 31 za nyaya si kitu cha kutikisa nchi. Kilichokuwa kimekosekana miaka yote ile hakikuwa fedha wala ufundi. Ukurasa wa 42 ulikosa mtu wa kuubeba kutoka Nairobi mpaka kwenye meza ya fundi wa umeme.

Siku hizi nyaya zinaongezeka upesi. Mwaka 2024 njia ya kilovolti 400 inayounganisha Kenya na Tanzania, kutoka Isinya hadi Singida kupitia Namanga na Arusha, iliwashwa. Ina urefu unaozidi kilomita 500, na inakatiza nyika za Kajiado na Longido, nchi ya tandawala na tumbusi. Kutoka Rufiji nyingine ya kilovolti 400 inakwenda Chalinze. Ni kazi kubwa na za kujivunia, na mimi ni mmoja wa wanaopikia umeme.

Nimestaafu, lakini vijana bado huniletea ripoti zao niwaangalizie kabla hawajaziwasilisha. Siku hizi sianzi na sura ya kwanza. Nafungua nyuma, kwenye jedwali la gharama, natafuta mstari wa mwaka wa pili na wa tatu baada ya umeme kuwashwa. Nikikuta hapo posho ya watu wawili wa kutembea siku nne kila mwezi, wakianza saa kumi na mbili alfajiri kabla fisi hajamaliza, narudi mbele na kuanza kuisoma.